Kipande cha Shingoni, Pleti ya Gari

Hapa kwetu Gusii, askari akikusimamisha usiku karibu na Daraja Mbili hakwambii "toa kitambulisho". Anakwambia "toa kipande". Neno limebaki hata baada ya kitu chenyewe kupotea. Kijana aliyezaliwa 2003 analitumia kila siku, na hana habari kwamba kipande cha kwanza hakikuwa kadi ya kutia kwenye pochi. Kilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kikopo cha bati, na kikopo kikaning'inizwa shingoni kwa kamba.

Naanza na kikopo hicho kwa sababu siku hizi tunajadili kamera za kusoma namba za magari kana kwamba ni jambo lililoanguka juzi kutoka mbinguni. Katika chumba cha walimu ninapofundisha, huku Nyamira, wapo wanaosema ni maendeleo tu, asiye na hatia aogope nini. Wapo wanaosema faragha imekwisha, tuzoee. Mimi hufundisha historia, na pande zote mbili hunishangaza. Kuandikwa namba na kusomwa na mtu usiyemjua ni jambo ambalo wazee wetu walilijua vizuri sana, na walikuwa na maoni yao.

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alichukuliwa alama za vidole na kupewa karatasi yenye jina, kabila, wilaya ya kwao na namba yake. Nakala ya taarifa hizo ilienda Nairobi kwa msajili. Akiajiriwa, mwajiri anaandika tarehe na mshahara. Akiachishwa, mwajiri anatia sahihi. Asiye na sahihi ya kuachishwa hawezi kuandikwa kazi kwingine, na akikutwa hana kipande ni faini au jela.

Wakati huo Kisii ilikuwa makao ya wilaya iliyoitwa South Kavirondo, na kituo chenyewe, Getembe, kilikuwa bado na umri mdogo. Miaka kumi na kidogo tu ilikuwa imepita tangu Januari 1908, pale Otenyo Nyamwamu alipomchoma mkuki Geoffry Northcote, afisa wa kwanza wa serikali kukaa hapa. Northcote alipona, na baadaye sana akawa gavana wa Hong Kong. Abagusii walilipia mkuki ule kwa ng'ombe, kwa nyumba zilizochomwa na kwa roho za watu. Baada ya hapo ikaja kodi ya nyumba, na kodi hailipwi kwa wimbi wala kwa ndizi. Wanaume wakaanza kutoka kwenda kutafuta shilingi: mashamba ya walowezi upande wa Sotik, na tangu katikati ya miaka ya 1920, chai ya Kericho.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alichuma chai, akapalilia chai, akabeba magunia. Kikopo chake nilikikuta kwa nyanya, magokoro wetu, alikuwa akiwekea tumbaku ya kunusa. Babu hakukichukia kwa sababu ya uzito wala kwa sababu ya sura yake. Kilichomuuma ni mshahara uliokuwa umeandikwa ndani. Ukienda kwa mzungu wa pili kuomba kazi, alisema, hata hujafungua mdomo ameshasoma ulilipwa ngapi kule ulikotoka, basi unaongeza vipi? Mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza. Na mtu akitoroka shamba kwa sababu ya kuchapwa, karatasi inamtangulia nyumbani: msajili anajua wilaya yake, afisa wa wilaya anapewa habari, chifu anatumwa.

Tazama kilichotokea hapo. Karatasi ilielezwa kuwa ni ya kuweka mpango katika ajira, ikatumika kushusha mishahara na kuwinda watoro. Wakikuyu waliita kikopo hicho mbugi, ile kengele ya shingoni mwa mbuzi. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa aliyokuwa akiyabeba, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi tarehe 16 mwezi huo.

Sehemu ambayo hunifurahisha zaidi darasani ni ya baadaye. Baada ya Vita vya Pili, malalamiko yalizidi, na mwaka 1947 serikali ikapitisha sheria mpya: usajili uwe wa watu wote, wa rangi zote, na alama za vidole kwa wote. Hapo walowezi waliruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Mzungu achovye vidole kwenye wino kama mhalifu! Kitu ambacho Mwafrika alikuwa amekifanya kwa miaka karibu 30 bila mtu kumuuliza, sasa kikawa suala la heshima ya binadamu. Ikaundwa tume chini ya Sir Bertrand Glancy, ikatoa ripoti 1950, na njia ikapatikana: anayejua kusoma na kuandika angeweza kuweka picha na sahihi badala ya vidole. Unajua mwaka 1950 wangapi wa kwetu walikuwa na elimu hiyo.

Kwa hiyo walowezi walielewa faragha vizuri kabisa. Waliielewa ilipokuwa yao.

Uhuru ulikuja, kikopo kikaondoka, kitambulisho kikabaki. Wanawake waliingizwa kwenye usajili mwishoni mwa miaka ya 1970. Kadi ya plastiki ina jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, wilaya. Hakuna ubaya, ni ya kupigia kura, kufungulia akaunti, kusajili laini ya simu. Halafu ikaja Januari 2008. Baada ya uchaguzi uliozua vita, barabara nyingi za Bonde la Ufa ziliwekwa vizuizi vya mawe na magogo, na vijana wenye mapanga wakawa wanaomba vitambulisho. Hawakutaka kujua umri wa mtu. Walisoma jina na wilaya, wakajua kabila, wakaamua. Huku kwetu mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka, Chebilat ikateketea, na watu wa pande zote mbili walikimbia kwao. Wanafunzi wangu wa leo walikuwa hawajazaliwa. Lakini wazazi wao wengine, ukiwauliza, watakwambia walificha kadi ndani ya soksi wakasema imepotea. Waliosanifu kadi ile hawakufikiria kizuizi cha barabarani, na siwalaumu, lakini kadi ilisomeka vilevile.

Gari nalo lina kipande chake. Tangu 1989 tunatumia mtindo huu wa herufi tatu, tarakimu tatu na herufi moja ya mwisho, kuanzia KAA, na herufi I na O zikaachwa zisichanganywe na moja na sufuri. Mbele pleti nyeupe, nyuma ya njano. Miaka na miaka zimetengenezwa na wafungwa gereza la Kamiti, jambo ambalo kila Mkenya analijua na hakuna anayelifikiria mara mbili. Pikipiki ina KM yake. Gari la serikali kuu lina GK. Magari ya kaunti yana namba ya kaunti, 45CG ni Kisii na 46CG ni Nyamira, ndiyo maana watu wetu wakiona 46CG limeegeshwa nje ya baa mjini Kisii Jumapili saa nne usiku, picha iko WhatsApp kabla dereva hajamaliza chupa.

Sisi ni wasomaji wakubwa wa pleti. Ukipita Keroka na gari, jioni ndugu yako wa Nyansiongo anakuuliza mbona hukusimama. "Bado unasukuma KAU?" ni salamu na tusi kwa pamoja. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kijijini hakuna faragha namkubalia. Lakini jirani anayelijua gari langu, nami nalijua lake. Anaweza kuniuliza nilikuwa nafanya nini Keroka, na nikamjibu, au nikamdanganya, na baada ya mwezi amesahau. Tena hawezi kuwa Keroka, Kisii, Nyamira na Narok kwa wakati mmoja.

Kamera ya kusoma pleti inaweza. Inavyofanya kazi si uchawi. Inapiga picha, mara nyingi kwa mwanga ambao jicho halioni ili usiku usiwe kizuizi, programu inatafuta ule mstatili, inakata herufi moja moja, inazigeuza kuwa maandishi, kisha inahifadhi namba, mahali, saa na dakika. Kazi kubwa iko kwenye kugeuza picha kuwa maandishi. Picha elfu kumi za barabara ni mzigo, nani ataziangalia? Lakini maandishi yanatafutika. Ukiandika namba moja inakuja orodha: Jumatatu hospitali, Jumatano kwa wakili, Ijumaa mkutano wa walimu wanaopanga mgomo. Hakuna aliyekufuata. Umejifuata mwenyewe.

Kenya tulifikaje hapo? Hatua moja ilikuwa kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda, mstari wa njano, sare za dereva na makanga, na picha ya dereva kubandikwa abiria waione. Abiria wa Kisii kwenda Nairobi walizipenda, nami nilizipenda, tulikuwa tumezika wengi. Hatua kubwa ilikuwa Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakauawa. Mwaka uliofuata serikali iliipa Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa mawasiliano na uangalizi wa polisi, wenye kamera takriban 1,800 Nairobi na Mombasa. Kisha tarehe 30 Agosti 2022 zikazinduliwa pleti za kizazi kipya, zenye alama za kuzuia kughushi, bei shilingi 3,000. Aliyezizindua alikuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, mtu wetu wa Borabu, Nyamira. Watu wa nyumbani walishangilia. Kughushi pleti lilikuwa tatizo kweli, gari la wizi likivishwa namba ya mtu mwingine ndiye anayelala korokoroni.

Na kamera na pleti husaidia, tusidanganyane. Januari 2019 magaidi walipovamia Dusit na kuua watu 21, gari waliloliacha pale ndilo lililowafikisha wapelelezi kwenye nyumba ya kupanga kule Kiambu. Mzazi ambaye mtoto wake amegongwa na gari lililokimbia, ukimwambia habari za faragha atakutemea mate, na ana haki.

Lakini kuna usiku wa tarehe 23 Oktoba 2022, kule Kajiado. Polisi walikuwa na taarifa ya gari lililoibwa Pangani, Nairobi. Wakaweka kizuizi. Wakalipiga risasi gari lililopita, ndani yake alikuwa Arshad Sharif, mwandishi wa habari wa Pakistan aliyekuwa amekimbilia huku. Akafa. Polisi wakasema ni kosa, walidhani ni lile la wizi. Lililoibwa lilikuwa Mercedes Sprinter, alilokuwamo Sharif lilikuwa Toyota Land Cruiser, na namba hazikufanana. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ilisema mauaji hayo yalikuwa kinyume cha sheria na mjane wake alipwe shilingi milioni 10. Familia haikuwahi kuamini kwamba lilikuwa kosa. Hata ukilichukua neno la polisi kama lilivyo, bado ni hili: namba iliandikwa kwenye orodha, mtu akafa kwa namba ambayo hata si yake. Mashine haitapunguza hatari hiyo ikiwa mwenye bunduki anaamini orodha kuliko macho yake.

Tena kuna wenye pleti zisizosomeka. Wakati wa maandamano ya Juni na Julai 2024, Kisii nako vijana walitoka barabarani, na nchi nzima watu walikuwa wakichukuliwa na wanaume waliovaa kiraia, wakaingizwa kwenye magari yasiyo na alama. Walioshuhudia walisema mara magari hayana pleti, mara pleti zimefunikwa, mara ukiitafuta namba unakuta ni ya gari jingine kabisa. Kumbe wanaojua zaidi kwamba namba ya gari inaweza kumfikisha mtu mlangoni pako ni hao hao wanaotaka zetu zisomeke. Walowezi wa 1947, ndiyo hao nilikuwa nawaza niliposikia.

Si Kenya peke yake. Birmingham, Uingereza, mwaka 2010 wakazi waligundua kwamba kamera zaidi ya 200, nyingi za kusoma pleti, zilikuwa zimewekwa kuzunguka mitaa ya Waislamu, Sparkbrook na Washwood Heath. Waliambiwa ni za kupambana na uhalifu wa kawaida, kumbe fedha zilitoka mfuko wa kupambana na ugaidi. Kelele zikapigwa, kamera zikang'olewa. Ujerumani, Machi 2008, Mahakama ya Katiba ilizitupa sheria za majimbo mawili zilizoruhusu polisi kusoma pleti kiholela bila mipaka ya wazi.

Sisi nasi tuna sheria, na si mbaya. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa mambo yake ya faragha bila ulazima. Sheria ya Kulinda Data ilianza kazi Novemba 2019, baada ya sisi wote kupanga foleni kwa chifu mwaka huo huo kuandikisha Huduma Namba. Na mahakama ilifanya kazi. Januari 2020 iliruhusu mpango huo kwa masharti, ikakataza kuchukua DNA na mahali mtu alipo. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema kadi hazikuzinduliwa kisheria, kwa sababu serikali haikupima kwanza madhara kwa data za watu. Kwanza pima, ndipo uanze. Sijui kwa nini tunalisahau hilo kila kamera mpya inapofika mjini.

Halafu kuna mlango wa nyuma ambao hauhitaji hata kamera. Kwa miaka kadhaa mtu yeyote mwenye simu na shilingi 550 aliweza kuingia mtandaoni, akaandika namba ya gari lako, akapata jina la mwenye gari. Ilikusudiwa wanunuzi wasitapeliwe, na imewaokoa wengi. Lakini fikiria mwanamke aliyemkimbia mume mkali Ogembo akahamia Nyamira. Fikiria dalali wa mikopo. Sasa ongeza kamera ya kituo cha mafuta, ya maegesho, ya geti la mtaa wa kupanga, kila moja ya mtu binafsi, kila moja inahifadhi kwa muda anaotaka mwenyewe.

Mjini Kisii kuna maegesho ya aina hiyo, sitayataja. Zamani ulipewa tiketi ya karatasi. Sasa unasimama, kamera inakutazama, kizuizi kinainuka, na ukitoka mashine inajua umekaa saa ngapi. Mwaka huu nilimuuliza kijana wa getini namba zinakaa humo siku ngapi.

"Mwalimu, mimi nabonyeza tu," akasema, kwa heshima. "Zinaenda kwa wenye mashine."

Wenye mashine ni akina nani? Wako Nairobi, alidhani. Basi nikaandika barua, kwa sababu kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data kinanipa haki ya kujua data yangu inatumiwaje na kuiona. Niliuliza mambo matatu: mnaiweka kwa siku ngapi, nani anaweza kuitafuta, na polisi wakija bila amri ya mahakama mnawapa? Nakala nikapeleka ofisini kwa meneja, naye akaigonga muhuri wa kupokelewa. Ni miezi minne sasa. Juma lililopita nilipita tena, yule kijana akaniambia barua yangu ilifika, aliiona mezani. Kisha akainua kizuizi, maana matatu ya Keroka ilikuwa nyuma yangu imeanza kupiga honi.